Chui wa Sebuleni

Chui wa kwanza nilimbandika kichwa chini, miguu juu. Sikukusudia. Karatasi ile ilikuwa na gundi yake mgongoni. Unabandua ngozi ya nyuma kidogo kidogo huku unaikandamiza ukutani, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya ndoo niliyoipindua, pua imegusana na ukuta, kwa hiyo nilichokiona kilikuwa majani tu. Niliposhuka na kurudi nyuma hadi katikati ya chumba ndipo nikamwona, mkubwa kama mbuzi, ananing'inia kwenye tawi kama popo. Nilijaribu kumbandua. Akaja na kipande cha lipu. Nikamrudisha.

Sebule yetu pale Ushirombo ilikuwa ndogo. Ukishaweka kochi, meza na kabati la vyombo, mgeni wa pili inabidi akae kwenye mkono wa kochi. Tulipanga kwa mama mmoja mjane, chumba na sebule, choo uani. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa na mpangaji aliyetutangulia, na kila mvua iliponyesha ukuta wa upande wa barabara ulitoa ramani ya rangi ya chai. Nilipaka rangi juu yake, ramani ikarudi. Nikapaka tena. Ikarudi imeongeza wilaya.

Mume wangu alikuwa mchimbaji huko Mwakitolyo. Alikuwa anashuka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, na kurudi nyumbani kila baada ya wiki kadhaa akiwa na vumbi masikioni na hamu ya kulala. Mimi nilikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo karibu na stendi. Siku moja nilikwenda Kahama kufuata bidhaa, nikapita kwenye duka la mapambo ya ndani. Humo nikakuta wolpepa, zile karatasi za kubandika ukutani, zenye majani mapana ya kijani, na katikati ya majani chui, wanene, wa manjano, macho yakimfuata mteja kila anakokwenda. Muuzaji alinishauri kwamba kwa chumba kidogo watu huchukua rangi nyepesi isiyo na michoro, ili chumba kionekane kikubwa. Nikamwambia chumba changu ni kidogo na kila anayeingia anajua ni kidogo, sina sababu ya kumdanganya. Akanifungia chui.

Nilizibandika mwenyewe, mume wangu akiwa kazini. Ukiacha yule wa kichwa chini, nyuma ya mlango, wengine walikaa vizuri, isipokuwa pembeni mwa kabati ambako vipande viwili havikukutana sawasawa na chui mmoja akapata mguu wa ziada.

Mama mwenye nyumba alikuja kukagua, mikono nyuma. Alizunguka sebule nzima, jambo ambalo halikuchukua muda.

"Mwanangu," akasema, "padri amepita humu?"

"Mama, hizi ni karatasi tu."

"Najua ni karatasi. Nimeuliza kama padri amepita."

Nikasema bado. Akasema yeye asingeweza kula chakula humo, lakini ile ramani kweli imefunikwa. Kesho yake alileta picha ndogo ya Bikira Maria nitundike ukutani, ili wanyama wale, alisema, waone kuna mtu mzima ndani. Nikaitundika kati ya chui wawili.

Mume wangu aliporudi alifungua mlango, akaufunga, akaangalia mlango wa jirani, akaufungua tena wa kwetu.

"Ni hapa hapa," nikamwambia. "Karibu."

Alitua begi lake. Akanawa, akakaa, akala ugali wake. Alipomaliza akasema, "Mimi nakaa na mwamba mbele ya uso tangu asubuhi mpaka jioni, nikitafuta kitu ndani yake. Nikirudi nyumbani nataka ukuta ambao hauna kitu."

Niliona ana hoja. Lakini gundi ilikuwa imeshashika.

Baba mkwe alikuwa anaishi Didia na binti yake, wifi yangu. Nilipoolewa tayari macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo alinijua kwa sauti tu. Yeye na mume wangu hawakuwa wamegombana, kama kugombana ni kurushiana maneno. Mume wangu alipoacha ng'ombe na shamba la pamba kwenda machimboni, baba yake alimwambia sentensi moja: "Haya, nenda ukatafute chini ya ardhi kile ulichokiacha juu yake." Tangu hapo walikuwa wanapigiana simu, wanaulizana mvua, wanaulizana ng'ombe, wanaagana. Mwakitolyo na Didia ziko wilaya moja. Mume wangu alikuwa anapanda gari kuja kwangu Ushirombo bila kukanyaga kwa baba yake.

Kisha ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali ya huku kwetu, na wazee wenye mtoto wa jicho watafanyiwa operesheni. Nilimpigia wifi. Akampandisha baba kwenye basi na fimbo yake na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Nilimpokea stendi, nikamwamkia, akageuza uso kufuata sauti yangu na kuitikia. Mume wangu aliomba ruhusa, akaja jioni ile.

Kwa desturi yao baba mkwe hapiti pazia la chumba cha mkamwana, kwa hiyo tulimtandikia sebuleni. Alikaa kwenye kochi na kuangalia mbele yake.

"Mmepaka kijani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Rangi nzuri. Kama mbuga baada ya mvua." Akasogeza uso karibu na ukuta, akapapasa kwa kiganja. "Ila hapa na hapa kuna madoa ya njano. Rangi haikushika."

"Fundi hakuwa mzuri sana, baba."

Mume wangu aliniangalia. Baadaye alinifuata uani nilikokuwa naosha vyombo.

"Akifumbuliwa macho akawaona wale, itakuwaje?"

"Ataona ni karatasi."

"Hujui. Alipokuwa kijana chui aliingia zizini kwao. Alimkimbilia peke yake akiwa na kijinga cha moto, akamfukuza. Didia yote inajua. Lakini mpaka leo hataki hata paka."

Habari ya chui wa zizini nilikuwa nimeisikia kwenye harusi yetu, tena zaidi ya mara moja. Habari ya paka sikuijua.

Tukakubaliana kuwafunika. Baba mkwe alipokuwa amelazwa hospitali, tulizungushia kuta kanga zangu, vitenge viwili vya mama mwenye nyumba na shuka la kitanda chetu, vyote kwa utepe wa gundi. Mama mwenye nyumba alisaidia kukata utepe na hakuuliza chochote, akanong'ona tu kwamba angekuwa yeye angeanza na padri. Sebule ikawa kama banda la mitumba.

Daktari alifanya jicho moja, la kulia. La pili alisema lisubiri. Asubuhi iliyofuata nesi alimkalisha baba mkwe kwenye benchi, akabandua bandeji, akamfuta. Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele yake. Baba mkwe alifumbua jicho, akalifumba, akalifumbua tena, akamtazama mwanawe muda mrefu mpaka nesi akaanza kuwa na wasiwasi.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, baba."

Akanigeukia. "Sauti ni yake," akaniambia. "Lakini huyu ni mzee."

Akauchukua mkono wa mume wangu, akaugeuza, akaangalia kiganja, makovu, kucha zilizovunjika. Alikuwa anaangalia kama mtu anayekagua kwato za ng'ombe mnadani.

"Unakula?"

"Nakula, baba."

"Na huyu ndiye mke?"

"Shikamoo, baba," nikasema, nikipiga goti.

"Marahaba. Nilidhani wewe ni mrefu. Una sauti ya mtu mrefu."

Nikamwomba radhi.

Tulimrudisha nyumbani na miwani myeusi. Alikaa kwenye kochi lake, akaivua ingawa nesi alikataza, akazungusha macho.

"Nguo zote hizi mmefua leo?"

"Ndiyo, baba," mume wangu akasema. "Zinakauka."

"Ndani?"

"Nje kuna vumbi."

Baba mkwe alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikaenda kuleta uji. Niliporudi, utepe wa lile shuka ulikuwa umeanza kuachia upande mmoja. Ukaachia na wa pili. Shuka likashuka polepole, kwa heshima, likatua juu ya kabati, na pale ukutani wakabaki chui wawili na Bikira Maria katikati yao.

Mume wangu alisimama mbele ya ukuta na kutanua mikono.

"Sogea," baba yake akasema.

Akasogea. Mzee alinyanyuka na fimbo yake, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akapeleka uso karibu na ukuta mpaka nikadhani anaunusa.

"Chui."

"Ndiyo, baba."

"Ndiyo yale madoa ya njano."

"Ndiyo, baba."

"Toeni nguo."

Tulizitoa zote. Akawapitia mmoja mmoja, taratibu, jicho wazi. Mume wangu alimfuata nyuma mikono ikiwa tayari kumdaka. Pembeni mwa kabati mzee alisimama, akamwangalia yule mwenye mguu wa ziada, akaguna, akapita. Nyuma ya mlango akasimama tena.

"Huyu amekufa?"

"Hapana, baba. Nilikosea kumbandika."

Alifikiri. "Muache. Mmoja akiwa amekufa, wengine watakuwa na adabu."

Akarudi kukaa, akaomba uji.

Daktari alikuwa amemkataza vumbi, moshi, jua na kuinama. Kwa kifupi alikuwa amemkataza Didia. Ilibidi akae kwetu, ndani, na sebule yetu haikuwa na kitu kingine cha kuangalia. Tena kulikuwa na dawa ya matone asubuhi, mchana na jioni, na kwa desturi yao mkamwana hashiki uso wa baba mkwe, kwa hiyo ilibidi mume wangu abaki amtilie. Alimpigia simu msimamizi wa duara lao, akaongea naye nje kwa muda, akarudi ndani na kusema wamekubali, kwa namna fulani.

Siku za kwanza niliporudi dukani niliwakuta wamekaa kimya, kila mmoja na upande wake wa kochi. Halafu jioni moja nikasikia sauti kabla sijafika mlangoni.

"Yule mnene mwenye macho ya usingizi," baba mkwe alikuwa anasema kwa Kisukuma, "ni mwenyekiti wetu wa kitongoji."

"Na yule anayechungulia jani?"

"Shangazi yako. Angalia anavyochungulia. Hata hapa hawezi kuacha."

Mume wangu akacheka. Huwa anacheka, sisemi hacheki kabisa, lakini kicheko kile sikuwa nimekisikia. Kilikuwa cha mtu mdogo kuliko yeye. Kwa wiki ile chui wote walipata ukoo na makazi. Hata mimi nikawa nawajua watu wa Didia ambao sijawahi kuwaona, na nilipokuja kukutana na yule mwenyekiti baadaye nilishindwa kumwangalia usoni nikimsalimia.

Siku nyingine nilikuwa natoka bombani na ndoo. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia baba mkwe anauliza, "Huko chini kukoje?"

"Kuna joto. Giza. Unaangalia jiwe kwa tochi. Unasikia maji yanatiririka mahali lakini huyaoni."

"Unaogopa?"

"Kila siku, baba."

Mimi nilikuwa na ndoo kichwani na sikujua niende mbele au nirudi.

"Yule chui wa zizini," baba mkwe akasema. "Unajua watu wanavyosimulia."

"Najua."

"Mimi nilikuwa nakimbilia nyumbani. Mama yako alikuwa ameshafunga mlango, na kwa ndani akaweka kinu. Nikagonga, akakataa kufungua. Sasa ningekwenda wapi? Nikarudi zizini."

"Na kile kijinga?"

"Nilikuwa nacho tangu mwanzo, nilikuwa namulikia njia. Nilikuwa nalia. Chui aliondoka, labda kwa kelele."

Mume wangu alikulia ndani ya hadithi ile ya ushujaa. Nikamsikia anauliza kwa sauti ya chini, "Mama alikwambia nini ulipotoka zizini?"

"Alisema amenipikia."

Nikakohoa, nikaingia na maji yangu. Walikuwa wamekaa wameegemea ukuta, wanatazama mbele, na hakuna aliyenitazama.

Jicho lilipona, baba mkwe akarudi Didia. Haukupita muda akapiga simu. Kwa kawaida alianza na mvua. Safari hii hakuanza nayo.

"Njooni," alimwambia mwanawe. "Nimeona ninapolala. Na mkamwana aje na zile karatasi."

Nilikwenda Kahama kwanza, nikampigia nikiwa dukani. "Baba, nichukue chui?"

"Hapana. Chui ni wa sebuleni, wa kuangaliwa na wageni. Mimi nataka kitu cha kulala nacho. Hakuna za ng'ombe?"

Nilimuuliza muuzaji. Alisema za ng'ombe hazitengenezwi, ila kuna za punda milia, zinapendwa sana. Nikamfikishia.

"Punda milia hafai kwa mahari," baba mkwe akasema. "Kuna nini kingine?"

"Kuna mawaridi mekundu."

"Makubwa?"

"Moja kama sinia, baba."

"Chukua hayo."

Nilikuwa nimefika Didia mara chache na sikuwahi kuingia chumba kile. Kilikuwa cha tofali za udongo, cheusi kwa moshi wa miaka, na mchwa walikuwa wamepandisha njia zao hadi kwenye kenchi za paa. Kwenye msumari ilining'inia kanga ya mama mkwe, aliyefariki kabla sijaolewa. Baba mkwe alisimama mlangoni.

"Nilikuwa nadhani ile kanga bado ni nyekundu," akasema.

Ilikuwa ya rangi ya udongo. Wifi alianza kusema kwamba alikuwa na mpango wa kupaka chokaa mwaka huu, kisha akanyamaza.

"Sikujua naishi hivi. Ninyi mlikuwa mnajua?"

Mume wangu alivua shati, akalitundika nje, akaanza kutoa vitu chumbani.

Ukuta wa udongo haushiki gundi, kwa hiyo ilibidi ukwanguliwe na kupigwa lipu kwanza. Mume wangu alifanya kazi ile yeye mwenyewe. Baba yake alikalia kinu mlangoni, kile kile sijui au kingine, sikuuliza, akishika uzi wa timazi na kusema "kulia", "kulia tena", "umepitiliza". Alikuwa anatumia jicho lake jipya kwa kila kitu, hata mahali ambapo halikuhitajika. Wifi aliifua kanga, ikarudi na wekundu kidogo pembeni, akaikunja na kuiweka sandukuni. Lipu ilipokauka nikabandika. Mawaridi hayana juu wala chini, nikashukuru.

Chumba kilipokwisha kilikuwa kidogo kuliko mwanzo na kimejaa maua kama kaburi la tajiri. Sikusema hivyo. Baba mkwe aliingia, akalala chali kitandani na viatu vyake, akaangalia kila upande.

"Wabeja," akasema. Asante. Halafu akafumba macho, sisi tukatoka.

Mume wangu hakuacha machimbo. Watu wakisikia habari hii husubiri niseme aliacha. Hakuacha. Ila alianza kupitia Didia kila anapotoka Mwakitolyo, akawa anafika kwangu amechelewa na mfuko wa michembe, na nikimuuliza walizungumza nini anasema, "Mambo tu."

Majirani walikwenda kuangalia maua. Wifi alinisimulia kwamba baba aliwavulisha viatu mlangoni. Kuna mama mmoja mjane wa upande wa pili wa barabara, mlima pamba, alikuja na wenzake, akavua viatu, akaangalia, akaondoka. Kesho yake alirudi peke yake.

"Wifi," wifi yangu akaniambia kwenye simu, "yule mama amekuja tena."

"Si alishayaona?"

"Anasema asubuhi yanaonekana tofauti na jioni. Leo ameleta maziwa."

Nilimweleza mume wangu. Aliacha kula, akafikiri.

"Na jicho la pili bado halijafanyiwa," akasema.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, baba mkwe alinipigia mimi, si mwanawe. Alisema mchwa wamekula mawaridi ya chini, karibu na kitanda. Nikampa pole.

"Si neno. Ya juu yapo." Alikohoa kidogo. "Mwenzangu anasema sebule nayo iko uchi."

Neno lile, mwenzangu, hakuwahi kulitumia mbele yetu. Nilimtazama mume wangu, ambaye alikuwa anasikia kila kitu, maana baba mkwe huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Anapenda rangi gani, baba?"

Nikasikia anauliza, na sauti ya mwanamke inajibu, ya taratibu, kwa maelezo marefu.

"Anasema atachagua mwenyewe," baba mkwe akasema. "Tukutane Kahama Jumamosi."

Tulikwenda wote wanne. Yule mama alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Alinisalimu, akamsalimu mume wangu, ambaye alimwamkia na kisha akakosa mahali pa kuweka mikono, halafu yule mama akaingia dukani na kuomba afunguliwe roli moja moja. Aligusa kila moja kwa kiganja, akairudisha, akaomba nyingine. Muuzaji alianza kumweleza kuhusu vyumba vidogo na rangi nyepesi, mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba ashushe ile ya juu kabisa. Walipoanza kufagia dukani alikuwa bado hajaamua. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, akasema hana haraka.